Mwigizaji Aliyebaki Momella

Waigizaji wa Ulaya na Marekani walianza zamani kuja kupiga picha katika nchi yetu. Mwaka 1952 kundi la filamu ya Mogambo lilipiga kambi kando ya mto Kagera: Clark Gable, Ava Gardner, Grace Kelly, na pamoja nao kijana wa jukwaa la Uingereza, Donald Sinden. Walikuja, wakamaliza kazi, wakafunga mizigo. Ndivyo walivyofanya karibu wote. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa upande wa kaskazini wa Mlima Meru tuna jambo la pekee la kusimulia. Mwishoni mwa mwaka 1960 lilikuja kwetu kundi jingine, kubwa na lenye fedha, na mmoja wao akabaki. Alinunua shamba, akajenga, akafuga, akaandika kitabu, na akaishika ardhi ile kwa miaka 13. Jina lake ni Hardy Krüger, Mjerumani, mwigizaji wa jukwaa na sinema, aliyefariki Palm Springs, California, tarehe 19 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 93.

Nilifundisha historia katika shule za Meru hadi nilipostaafu. Wanafunzi wangu walimjua John Wayne, nyota wa kundi lile la 1960, kwa sababu ya watalii. Krüger hawakumjua kabisa, na Kirilo Japhet walimsikia kidogo tu. Makala hii naiandika kwa ajili yao, maana habari za Krüger na za Japhet zimetokea kwenye ardhi moja, na anayesoma ya mmoja bila ya mwenzake hajaisoma Momella.

Kwa msomaji asiyeyafahamu mazingira, ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi unapita Tengeru, unafika Usa River, kisha unakata kushoto kuelekea mlimani. Barabara inaingia katika lango la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inapita kando ya Serengeti Ndogo ambako twiga na nyati huonekana karibu kila siku, halafu inateremka kwenye maziwa ya Momella. Maji ya maziwa hayo yana magadi, na kwa nyakati fulani heroe hujaa hadi ukingo unageuka waridi. Magharibi umesimama Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ukuta wake wa mashariki ukiwa umebomoka na kuacha shimo la volkano wazi. Mashariki, asubuhi isiyo na mawingu, unaiona Kibo. Ukiendelea mbele kidogo unatoka hifadhini na kuingia Ngare Nanyuki. Mtu wa sinema akisimama mahali hapo haulizi mara mbili aweke wapi kamera.

Lakini kabla ya kamera palikuwa na watu. Wameru walilima kahawa, migomba na mahindi kwenye miteremko ya kusini na mashariki, na mifugo yao ikapanda na kushuka hadi nyanda za kaskazini. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kwa vita, wakateketeza vijiji na kuchukua ng'ombe. Machi 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli na viongozi wengine. Baada ya hapo ardhi ya kuuzunguka mlima ilianza kukatwa vipande kwa ajili ya walowezi. Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walipewa mashamba upande wa kaskazini. Wajerumani wakafuata.

Miongoni mwa Wajerumani hao alikuwa Margarete Trappe, aliyefika na mumewe Ulrich mwaka 1907 na kufungua shamba Momella. Alikuwa mpanda farasi na mwindaji hodari, akapata sifa ya kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza wawindaji kama kazi katika Afrika Mashariki. Wenyeji walimwita Yeyo, yaani mama. Vita vya kwanza vya dunia vilimwondoa nchini, akarudi miaka ya 1920, akaanza upya. Alifariki Momella mwaka 1957. Wazee walisimulia kwamba usiku wa kufa kwake tembo walikuja kusimama karibu na nyumba. Simulizi hiyo inapendwa sana na wageni, nami sina ugomvi nayo, ila ningependa isimuliwe sambamba na jambo lililotokea jirani na shamba lile miaka 6 kabla ya kifo chake.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki. Tume ya Jaji Wilson ilikuwa imependekeza eneo hilo liwe ukanda mmoja wa wafugaji wa Kizungu, usiokatizwa na Mwafrika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori, na mingi ikafia huko. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha nyumba kwa nyumba, wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na wakili wao Earle Seaton hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, hivyo Umoja huo ulikuwa na haki ya kuwasikiliza. Mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka Meru alisimama mbele ya wawakilishi wa dunia akaeleza jinsi watu wake walivyonyang'anywa nchi. Hatukushinda siku ile. Hata hivyo, habari ile ilienea Tanganyika yote na ikawa moja ya shule za mwanzo za siasa ya uhuru.

Hali ilikuwa hiyo wakati Howard Hawks alipokuja na kampuni ya Paramount Novemba 1960. Hawks alikuwa na umri wa miaka 64, mwongozaji mwenye jina kubwa Hollywood. Alitaka kutengeneza filamu kuhusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, na akaipa jina la Kiswahili, Hatari! Kazi hiyo ilikuwepo kweli Arusha. Mmoja wa waliokuwa wakiifanya, Willy de Beer, aliajiriwa kuwa mshauri wa filamu.

Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyokuwa, kwa sababu leo haipo tena kwa namna ile. Mnyama hufukuzwa kwa gari nyikani, kwenye mashimo ya muhanga na vichuguu, hadi aanze kuchoka. Mkamataji hukaa kwenye kiti kilichofungwa mbele, juu ya bampa, mkononi ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba nchani. Gari linapokwenda sambamba na mnyama, humvika kitanzi shingoni. Hapo hapo watu wa lori la pili huruka chini na kamba nyingine, wakafunga miguu. Kwa twiga na pundamilia inahitaji mbio. Kwa faru inahitaji moyo, maana faru hugeuka na kulipiga gari lenyewe. Mnyama akishashikwa huingizwa kwenye kizimba cha mbao, hupelekwa kambini, hukaa majuma kadhaa azoee chakula na sauti ya watu, kisha husafirishwa kwa reli hadi bandarini. Reli ilikuwa imefika Arusha tangu 1929. Wanyama wengi walikufa kwa mfadhaiko wa moyo na misuli hata kabla ya kuona meli, na hiyo ni sababu mojawapo ya kazi hiyo kuachwa na mahali pake kushikwa na sindano ya usingizi inayopigwa kwa bunduki.

Hawks aliamua kwamba waigizaji wenyewe watapanda magari hayo. John Wayne, mwenye miaka 53, akawekwa kwenye kiti cha mbele. Pamoja naye walikuja Elsa Martinelli kutoka Italia, Gérard Blain na Michèle Girardon kutoka Ufaransa, Wamarekani Red Buttons na Bruce Cabot, na Krüger kutoka Ujerumani. Mwandishi Leigh Brackett alikuwa na hadithi ya mapenzi na urafiki wa kambini, lakini sehemu za ukamataji hazikuweza kuandikwa mapema. Faru hasomi mswada. Walitoka asubuhi, wakamkuta aliyepatikana, wakamfukuza, na mpiga picha mkuu Russell Harlan akalazimika kuwa tayari kwa lolote. Ukiitazama filamu hiyo leo utaona vumbi ni vumbi la kweli na kamba inawaka viganjani. Kazi ya Harlan ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar, naye Henry Mancini akatunga muziki wa ndama wa tembo ambao mpaka leo hupigwa duniani na watu wasiojua kwamba ndama wale walitembea Arusha.

Baba yangu alikuwa mmoja wa vibarua waliokata majani ya wanyama wa kambini miezi ya mwanzo ya 1961. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo la kazi alilieleza kwa makini. Alisema twiga aliyekamatwa hali majani yaliyotupwa chini, lazima matawi ya mgunga yafungwe juu, kimo cha kichwa chake, na yabadilishwe kabla hayajanyauka. Alisema Wazungu wa sinema walikuwa wa namna mbili, wanaoogopa wanyama na wanaoogopa mwongozaji. Alimtaja Krüger kama "yule Mjerumani anayeuliza". Anauliza mti huu unaitwaje, maji haya yanatoka wapi, mvua za vuli huanza lini, ng'ombe wa hapa wanaumwa nini. Baba aliona ajabu mwigizaji aulize habari za kupe.

Ili kumwelewa mtu huyo anayeuliza, inabidi turudi alikotoka.

Krüger alizaliwa tarehe 12 Aprili 1928 mtaa wa Wedding, Berlin. Wazazi wake walimwamini Hitler kwa dhati, na akiwa na umri wa miaka 13 wakampeleka Sonthofen, katika shule maalumu iliyobeba jina la Hitler, iliyokusudiwa kulea viongozi wa utawala ule. Humo watoto walifundishwa kwamba wao ni jamii ya kutawala nyingine. Watu wa sinema walifika shuleni kutafuta vijana wa kuigiza, wakamchukua, na mwaka 1944 akaonekana katika Junge Adler, filamu ya propaganda kuhusu vijana na ndege. Filamu iliyokusudiwa kumfunga zaidi ndiyo iliyomfungua. Kwenye studio alikutana na mwigizaji mkubwa wa siku zile, Hans Söhnker, ambaye kwa siri alikuwa akiwasaidia Wayahudi waliokuwa wakisakwa. Söhnker akamweleza kijana yule ukweli kuhusu kambi za mauaji. Krüger alisimulia jambo hilo maisha yake yote. Kwamba mtu mzima mmoja, kwa kuhatarisha shingo yake, alimwambia mtoto ukweli.

Mapema 1945 aliandikishwa katika divisheni ya SS iliyoitwa Nibelungen, akiwa bado hajatimiza miaka 17. Aliamriwa kupiga risasi kikosi cha Wamarekani, akakataa. Akahukumiwa kifo kwa woga. Ofisa mwingine aliizuia hukumu hiyo, na kijana akanusurika. Mimi nimewafundisha watoto wa miaka 16 kwa muda mrefu. Najua wanavyoona aibu hata kumkatalia mwenzao darasani. Ninapofikiri kuhusu mvulana wa umri huo aliyekataa amri mbele ya bunduki za wakubwa wake, namheshimu kabla sijafika kwenye sinema zake.

Baada ya vita alianzia chini kabisa, kwa nafasi za kusimama tu bila maneno katika jumba kuu la maigizo la Hamburg, Deutsches Schauspielhaus. Jukwaa lilimpa sauti na nidhamu, sinema ikampa jina. Mlango wa dunia ulifunguliwa na Waingereza. Mwaka 1957 mwongozaji Roy Ward Baker alimpa nafasi ya Franz von Werra, rubani wa Kijerumani aliyewatoroka Waingereza, katika The One That Got Away. Ilikuwa miaka 12 tu tangu vita, na kumweka Mjerumani kuwa shujaa wa filamu ya Kiingereza lilikuwa jambo la kuthubutu. Watazamaji wakamkubali. Akaendelea Uingereza na Bachelor of Hearts mwaka 1958, kisha Blind Date ya Joseph Losey mwaka 1959. Hawks alipomwita kuja Tanganyika alikuwa na miaka 32, anafahamika Ulaya, na bado anatafuta mahali ambapo hataulizwa kila asubuhi alifanya nini vitani.

Katika Hatari! anacheza Kurt, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, ambaye sasa anaendesha magari ya kukamatia wanyama. Anagombana na Mfaransa, Chips, anayechezwa na Blain, halafu wanakuwa marafiki. Waliotazama filamu hiyo Ulaya waliuelewa ugomvi huo bila kuelezwa. Hadithi inasema kambi yao inaitwa Momella, na nyumba inayoonekana iko Momella kweli, ardhi ile ile iliyokuwa ya Yeyo. Martinelli, anayecheza mpiga picha wa bustani ya wanyama ya Basel, analea ndama wa tembo kwa maziwa ya mbuzi, na wenyeji wanamwita Mama Tembo. Mwishoni ndama hao wanamfuata hadi Arusha mjini, wakipita mitaani na kuingia hotelini. Vijana wa Arusha wanaoitazama kwa mara ya kwanza hupiga kelele wakiitambua mitaa. Mimi pia huwa nafurahi.

Lakini tazameni pia kitu kingine. Filamu ina dakika 157. Katika dakika zote hizo Waafrika wapo karibu kila mahali, wanaruka kutoka malorini, wanavuta kamba, wanasukuma vizimba, wanapika, wanakama mbuzi. Karibu hakuna anayepewa jina la kukumbukwa. Nchi inaonyeshwa kana kwamba ilikuwa ikiwasubiri wale wakamataji saba au wanane. Ilipigwa miaka 9 tu baada ya moshi wa Ngare Nanyuki, kwa umbali ambao mtu angeweza kutembea kwa miguu asubuhi na kufika, na hakuna hata neno moja. Na ilipoanza kuonyeshwa duniani mwaka 1962, Tanganyika haikuwa tena koloni. Bendera ilikuwa imebadilishwa tarehe 9 Desemba 1961. Watu walionunua tiketi London na New York walitazama nchi ambayo ilikuwa imekwisha kupita.

Wenzake waliporudi Hollywood kumalizia picha za ndani, moyo wa Krüger ulikuwa umeshafunga mkataba. Alinunua shamba la Momella. Kwa miaka iliyofuata maisha yake yaligawanyika sehemu mbili. Akitakiwa studio, alipanda ndege. Akimaliza, alirudi Meru. Orodha ya kazi zake za kipindi hicho ni ndefu na nzito. Un taxi pour Tobrouk, mwaka 1961. Les Dimanches de Ville d'Avray, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1962 iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ambamo alicheza rubani aliyepoteza kumbukumbu. The Flight of the Phoenix mwaka 1965, pamoja na James Stewart, ambamo yeye ni mchora ndege anayewaokoa watu jangwani. The Secret of Santa Vittoria mwaka 1969. Nyuma ya kila moja ya filamu hizo kulikuwa na shamba ambalo mifugo yake haikujua Oscar ni nini. Bintiye aliyezaliwa miaka hiyo alimpa jina la Malaika.

Momella pakajengwa pia hoteli ya wageni, nyumba ndogo ndogo za mviringo zinazotazama mlima na nyanda. Wazo la Krüger lilikuwa sahihi na lilitangulia wakati wake, kwamba mtu anaweza kulipa fedha kumwona mnyama bila kumpiga risasi wala kumfunga kamba. Serikali nayo ilikuwa katika njia hiyo hiyo. Hifadhi ya kreta ya Ngurdoto ilitangazwa 1960. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Nyerere alitoa tamko maarufu linaloahidi kwamba taifa jipya litawalinda wanyamapori kwa ajili ya watoto na wajukuu. Baadaye maziwa ya Momella yakaingizwa katika hifadhi, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Mwaka huo huo wa 1967 mambo mengine mawili yalitokea ambayo siwezi kuyapita. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na njia kuu za uchumi zikaanza kuwa mali ya umma. Shamba binafsi la mgeni, tena lenye hoteli, lilikuwa limefika katika nyakati ngumu, na mwaka 1973 safari ya Krüger Momella ilikwisha. Wapo wanaosimulia hilo kama kisa cha mtu mwema aliyeonewa. Nawaomba wakumbuke jambo la pili la mwaka 1967, kwamba Kirilo Japhet na Earle Seaton walichapisha kitabu chao kuhusu kesi ya ardhi ya Wameru. Miaka 3 baadaye, mwaka 1970, Krüger akachapisha cha kwake, Eine Farm in Afrika. Vitabu hivyo viwili viliandikwa kuhusu uso mmoja wa mlima. Kimoja kimeandikwa na mtu aliyenunua nafasi ya kuanza upya. Kingine kimeandikwa na watu waliofukuzwa ili nafasi kama hizo zipatikane kwa wageni. Krüger hakumfukuza mtu, na alikuja baadaye. Lakini soko alilonunulia lilikuwa limetengenezwa na historia hiyo, na Azimio lilikuwa jibu la taifa kwa historia hiyo, si kwa mtu mmoja aliyependa twiga.

Kazi yake haikuishia hapo. Stanley Kubrick alimpa nafasi ya Kapteni Potzdorf katika Barry Lyndon mwaka 1975. Alikuwa jenerali katika A Bridge Too Far mwaka 1977. Mwaka 1978 akacheza The Wild Geese pamoja na Richard Burton, Richard Harris na Mwingereza Roger Moore, na hapo ndipo ninapoiona Momella ikirudi. Anacheza Coetzee, Kaburu mamluki aliyekulia katika dharau dhidi ya watu weusi, ambaye inambidi ambebe mgongoni rais Mwafrika aliye mgonjwa, akichezwa na Winston Ntshona. Wanabishana njia nzima. Taratibu Kaburu yule anaanza kusikia anachoambiwa, na anakufa akimlinda. Filamu yenyewe ina mengi ya kulaumiwa. Lakini uso wa Krüger katika safari ile una kitu ambacho hakifundishwi jukwaani. Ni mtu aliyekwisha kufundishwa utotoni kwamba yeye ni bora, akakataa fundisho hilo, kisha akaishi miaka 13 miongoni mwa watu wa Meru.

Uzeeni aliandika vitabu vingi, akazunguka dunia kwa kipindi chake cha televisheni, na hadi miaka ya 80 ya umri wake alikuwa akisimama mbele ya vijana wa Ujerumani kuwaonya juu ya wale wanaotaka kurudisha siasa za chuki. Alikuwa akifanya kwao kile ambacho Söhnker alimfanyia yeye.

Na Momella? Faru weusi waliokuwa wakionekana pale waliangamizwa na majangili. Nyati, twiga, mbega na heroe wapo. Sehemu ya shamba la zamani sasa ni hoteli inayobeba jina la filamu, na wageni huonyeshwa picha za Wayne na Krüger. Vijana wetu wanafanya kazi huko kama waongozaji, wapishi na madereva, wanapata riziki ya halali, na wanasimulia habari za filamu kwa ufasaha. Ninachotaka ni simulizi hiyo ipate nusu yake iliyobaki.

Wageni waambiwe kuhusu Mangi Lobulu na kuhusu Novemba 1951. Waambiwe kwamba wakati Hawks anaweka kamera, mtu wa Meru alikuwa amekwisha kwenda New York na kurudi. Watajiwe wale walioshika kamba. Walikuwa wengi: Wameru, Waarusha, Wachagga, Wamaasai, watu waliojua kusoma mwendo wa faru kabla gari halijawashwa, ambao bila wao mwigizaji yeyote asingerudi kambini mzima. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule leo ana zaidi ya 80. Wengi wamekwisha kutangulia, baba yangu akiwa mmojawao, nami sikumwandika alipokuwa hai kama nilivyomwandika Krüger leo.

Kwa hiyo nimeanza kwenda nyumba kwa nyumba, Leguruki, Ngare Nanyuki na King'ori, na ninauliza mambo manne: jina, kazi uliyofanya, ujira uliolipwa, na nani mwingine alikuwepo. Najibiwa kwenye vibaraza, mara nyingi mbele ya bakuli la loshoro, na wajukuu hukaa kusikiliza kwa mshangao kwa sababu hawakuwahi kuambiwa. Nawaomba walimu wenzangu wafanye hivyo katika kata zao, na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wapewe kazi hiyo wakati wa likizo. Majina yakishakusanywa yapelekwe Arusha mjini, Makumbusho ya Azimio la Arusha au makumbusho yaliyomo katika Boma la zamani la Wajerumani, na nakala ibaki kwenye lango la Momella, mahali ambapo wageni husimama. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekata majani, aliyeendesha lori au aliyekama mbuzi mwaka 1961, mwandikeni mwezi huu.